Nilisahihisha Mistari ya Daktari

"Nani amechora hapa?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza daktari bingwa wa upasuaji, asubuhi ya siku niliyokuwa naenda kukatwa ngozi ya tumbo. Alikuwa amepiga magoti mbele yangu, macho yake yako usawa wa kitovu changu.

Mimi nimesimama kama nilivyozaliwa, ukiondoa chupi ya karatasi waliyonipa hospitali. Nesi yuko pembeni ameshika faili.

Kwenye tumbo langu kulikuwa na mistari ya zambarau aliyoichora yeye mwenyewe nusu saa iliyopita. Juu ya mistari yake kulikuwa na mistari mingine, zambarau ileile, ambayo hakuichora.

Nesi naye hakuichora.

Jamani, niliichora mimi.

Kaeni niwaeleze vizuri, maana nikisimulia mtaani watu wanaanza kucheka kabla sijafika penyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa ishirini na mbili huu nashona magauni, sare, mapazia, na suti za watu wanaonidanganya kuhusu viuno vyao.

Zamani nilikuwa mnene. Sisemi "nimejaa" wala "nina mwili", kama wanavyosema watu wenye adabu. Kilo mia moja arobaini na moja. Mtaani jina langu lilikuwa Godoro, na nikiitwa nilikuwa naitika.

Magoti yakagoma. Sukari ikapanda. Daktari mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikiendelea vile, watoto wangu watalelewa na mama mwingine. Nikatoka pale nimeamua.

Sitawachosha na habari za nilikula nini na niliacha nini. Ilichukua miaka miwili na nusu, na muda wote huo nilikuwa na hasira. Muulizeni baba watoto.

Nikapungua kilo sitini na saba. Huyo ni mtu mzima kamili, na mkoba wake.

Shida ni kwamba mtu yule aliondoka akaacha koti.

Ngozi, wenzangu. Hakuna aliyenionya kuhusu ngozi. Ilining'inia tumboni mpaka juu ya mapaja. Mtaani wakanibadilisha jina, kutoka Godoro nikawa Foronya.

Jirani mmoja alimfuata mume wangu kumpa pole, akijua nina ugonjwa wa kunimaliza. Akamshika mkono, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ana muda gani?"

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Akamjibu, "Anarudi saa kumi na mbili."

Nilipomwambia nataka kwenda kufanyiwa upasuaji wa kuondoa ngozi, alifikiri sana.

"Si itarudi yenyewe?"

"Itarudi wapi? Kwani ilisafiri?"

"Basi ipunguze tu mwenyewe. Si fundi wewe?"

Nilimtazama mpaka akakumbuka ana kazi nje.

Kuna watakaosema ni urembo. Sawa. Ila chini ya ule mkunjo jasho likikaa, ngozi inachubuka. Ikichubuka inakuwa kidonda, na kidonda kinatoa harufu. Kazi ya fundi cherehani ni ya kukaa kitako. Mimi nikikaa dakika arobaini, nasimama nimeuma meno.

Niliona aibu sana. Mtu anakuja kukupongeza umependeza, na wewe unarudi nyuma taratibu ili asisikie harufu yako.

Kwenye chumba cha kusafishia vidonda ndiko nilikokutana na yule nesi. Nilimwita Sista, na yeye aliniita dada. Mara mbili kwa wiki, miezi saba. Alikuwa mwajiriwa mpya, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio.

Siku ya kwanza nilipofunua tumbo, nikamwomba radhi kwa harufu.

"Dada," akasema huku anavaa glavu, "mimi nimekuja kazini, sikuja kununua marashi. Inua mkono."

Hakuwahi kukunja pua. Hata siku zile ambazo mimi mwenyewe niliikunja.

Sasa huyo daktari bingwa alikuwa anakuja hospitali yetu wiki moja tu kila baada ya miezi mitatu. Orodha yake ilikuwa ndefu. Mimi nilishawahi kurudishwa mara mbili: mara ya kwanza damu ilikuwa chini, mara ya pili kidonda kilikuwa kimetunga usaha. Akaniambia bila kupepesa macho, "Ukirudishwa mara ya tatu nakutoa kwenye orodha. Kuna watu wanasubiri."

Kwa hiyo asubuhi ile nilifika nikiwa nimejikaza kisabuni. Damu iko juu. Kidonda kimekauka. Nimefunga, hata maji sijanywa.

Bingwa akaja na kalamu yake. Akanisimamisha, akapima kwa vidole, akachora.

"Nachora ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala ngozi inahama," alisema. "Mistari hii ndiyo ramani yangu kule ndani. Usifute, usiguse, usiisogelee. Nikikuta imeguswa nakurudisha nyumbani. Mtu asiyeweza kuacha mistari hataweza kuacha mshono."

"Nimeelewa, daktari."

Na nilielewa kweli. Hilo ndilo linalonisikitisha.

Akaenda kumchora mgonjwa mwingine. Sista akabaki ananiwekea alama mbili tatu alizoagizwa kwenye mkono, kisha akaitwa haraka chumba cha jirani. Akaondoka mbio. Kalamu akaiacha juu ya meza.

Chumba kile kilikuwa na kioo kirefu.

Nyumbani kwangu kioo ni cha uso tu. Kile cha kibandani ninaposhonea ni cha wateja. Ilikuwa ni mara ya kwanza baada ya miaka mitatu kujiona mwili mzima, na nilikuwa nimechorwa tayari kwa kukatwa. Niambieni, fundi gani angegeuka akatazama ukutani?

Nikajitazama.

Mistari ya Bingwa ilikuwa sawa kabisa, kulia na kushoto. Kosa halikuwa kwake. Kosa lilikuwa kwenye kitambaa. Ngozi yangu ya upande wa kushoto ilikuwa imeshuka chini zaidi kuliko ya kulia, kama upana wa kidole hivi.

Nikavuta kamba ya gauni la hospitali, nikapima kutoka kifuani mpaka chini. Kulia, kushoto. Nikapima tena. Ni kidole kimoja na ushee.

Ukikata sawa kitambaa kisichokuwa sawa, gauni linakwenda upande. Hiyo haihitaji shahada.

Naapa sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikachukua kalamu, nikaupandisha ule mstari wa juu wa kushoto kidole kimoja, nikaukunja vizuri ukakutana na wa kulia katikati. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikafunga jicho moja. Nikaridhika.

Ndipo akili iliporudi.

Nikatema mate kwenye kiganja nikasugua. Wino ule si wa mchezo. Nikasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, na mstari bado unang'aa.

Mlango ukafunguliwa. Bingwa huyo, na Sista nyuma yake.

"Nani amechora hapa?"

Nikatazama ukutani.

Bingwa akaitazama meza. Akaiona kalamu, haina kifuniko.

"Kalamu hii ya nani?"

"Ni niliyopewa mimi, daktari," Sista akajibu. "Niliiacha hapa."

"Kwa hiyo siku hizi unanisahihisha."

Sista akanitazama. Mara moja tu, na haraka. Kisha akatazama sakafu.

"Niliiacha hapa, daktari," akarudia.

Hakusema ni yeye. Hakusema ni mimi. Alisema lile alilolijua.

"Usiniambie ni mgonjwa," Bingwa akasema. "Mistari iliyonyooka hivi haichorwi na mgonjwa anayejitazama kwenye kioo. Hii ni kazi ya mtu aliyefundishwa."

Nakiri mbele yenu kwamba katikati ya balaa lile, nilifurahi kidogo.

"Toka nje. Nitaongea na msimamizi wako. Uko kwenye majaribio, sivyo?"

"Ndiyo, daktari."

Akatoka.

Na mimi nikanyamaza. Nilisimama pale na chupi yangu ya karatasi, nikanyamaza kama maji ya mtungini, wakati mtu aliyeosha usaha wangu miezi saba anafukuzwa chumbani kwa kosa langu.

Bingwa akafuta kwa spiriti, akachora upya. Mistari ileile ya mwanzo. Hakuniuliza kitu.

Nikapandishwa kwenye kitanda cha magurudumu, nikafunikwa shuka. Mhudumu mmoja mwenye misuli akaanza kunisukuma.

Nilikuwa na sababu nzuri sana, sikilizeni. Kwanza, nikisema naondolewa kwenye orodha, na vidonda vinarudi, na kibanda nafunga. Pili, Sista bado kijana, kazi atapata nyingine. Tatu, nikipona nitakwenda kwa msimamizi wake nimweleze kila kitu polepole. Nne, nitamshonea gauni zuri. Nilishamchagulia na kitambaa.

Mume wangu alikuwa kwenye benchi la koridoni na mfuko wangu wa nguo mapajani. Akainuka akawa anatembea pembeni ya kitanda.

"Vipi?"

"Salama."

"Mbona unalia?"

"Silii."

"Haya."

Mbele yetu, karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, Sista alikuwa amesimama anakunja mashuka. Macho mekundu. Alipotuona akaacha mashuka yake, akasogea, akavuta shuka langu lililopanda, akanifunika miguu.

"Miguu yako ina baridi, dada," akasema. "Haya, uende salama."

Basi tu.

Wenzangu, kama angenitukana ningeingia mle ndani nikalala usingizi wangu.

"Simamisha!" nikamwambia mhudumu.

"Mama, hapa hakuna kituo."

"Nimesema simamisha! Niitie daktari!"

Bingwa akatoka amevaa barakoa, mikono juu. "Kuna nini tena?"

"Ni mimi niliyechora. Sista hana kosa. Aliiacha kalamu tu, mimi ndiye niliyeishika."

"Wewe."

"Mimi."

"Ulipimia nini?"

"Kamba ya gauni."

Hakuamini. Mume wangu akaona anisaidie. "Anasema kweli, daktari. Huyu anasahihisha kila kitu. Hata saini yangu alishawahi kuirekebisha."

Bingwa akavua barakoa. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nilikwambia nini kuhusu kugusa?"

"Kwamba utanirudisha nyumbani."

"Na hii ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi unajua. Mrudisheni wodini avae nguo zake." Akamgeukia Sista. "Na wewe ulishindwa kusema?"

"Sikumwona akichora, daktari," Sista akajibu. "Siwezi kusema nisichokiona."

Mimi hapo nilikuwa nalia kwa sauti, kamasi na yote. Miaka miwili na nusu ya njaa, miezi saba ya vidonda, na nimeyamwaga yote kwa kidole kimoja cha mstari. Mhudumu akaanza kukigeuza kitanda. Kilikuwa kinakwama kwenye kona.

Labda ni ile kona. Kitanda kisingekwama, Bingwa asingepata muda wa kufikiri.

"Ngoja," akasema. Alikuwa bado na hasira. "Kwa nini ulibadilisha kushoto tu? Kulia hukugusa kabisa."

Nikafuta kamasi. Nikamjibu kama ninavyomjibu mteja.

"Kwa sababu kushoto kumeshuka. Kitambaa kimoja, kimetundikwa sawa, upande mmoja ukishuka zaidi ya mwenzake, maana yake kuna kitu ndani kinauvuta."

"Watu hawalingani pande zote. Niliona, ni kawaida."

"Si kawaida yangu. Mwezi uliopita nilikuwa sawa. Gauni langu la kazini limeanza kupanda mbele upande wa kushoto. Nimelirekebisha upindo mara mbili, na bado linapanda."

Bingwa akakisogelea kitanda.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Au nne."

"Shuka hapo. Simama."

Nikasimama palepale koridoni. Sista akanishikia shuka kama pazia. Bingwa akaweka vidole viwili chini ya mkunjo, upande wa kushoto, akabonyeza.

"Kohoa."

Nikakohoa.

"Tena. Kwa nguvu."

Nikakohoa tena. Uso wake ukabadilika. Sijawahi kuona hasira ikimtoka mtu haraka namna ile.

"Wiki tatu zilizopita ulibeba nini?"

"Cherehani. Ile ya chuma, ya kukanyaga. Nilikuwa nahamisha kibanda."

"Peke yako?" Akamgeukia mume wangu. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, daktari. Alinikataza nisiishike. Alisema nitaikwaruza."

Nikapelekwa kwenye altrasaundi mbio, yule mhudumu anakimbia kweli safari hii. Wakanipaka ile dawa ya baridi, wakatazama. Bingwa akanigeuzia kioo cha mashine nione, ingawa mimi niliona kijivu tu.

Ngiri.

Msuli wa tumbo ulikuwa umechanika kwa ndani siku ile ya cherehani, na kipande cha utumbo kikatokeza mpaka chini ya ngozi. Kilijificha ndani ya mkunjo. Miezi mitatu nyuma aliponipima hakikuwepo, ndiyo maana asubuhi ile hakukitafuta.

"Ningepitisha kisu hapa," akasema, na kidole chake kikafuata ule mstari wake mwenyewe. "Nikijua hapa ni ngozi na mafuta."

"Na hapo ni nini?" mume wangu akauliza.

"Ni utumbo wake."

Mume wangu akakaa chini. Hakukuwa na kiti.

Bingwa akanifuta ile dawa tumboni. Kisha akasema, "Ijumaa. Mimi na mwenzangu wa upasuaji wa ngiri, tutaingia pamoja. Na usiguse kalamu ya mtu."

"Na Sista?"

Hakunijibu. Alitoka, nikamwona kupitia mlango uliobaki wazi, akamfuata Sista penye mashuka yake. Daktari bingwa mzima akaomba radhi. Mtu yule hana uzoefu wa kuomba radhi. Alianza mara tatu.

Ijumaa nikakatwa. Wakarudisha utumbo mahali pake, wakashona msuli, wakatoa kilo nne na nusu za ngozi. Niliomba niione, wakakataa. Mtu anauliza tu.

Mtaani habari ikawa tamu. Kwamba nilimsahihisha daktari bingwa, kwamba jicho la ufundi liliniokoa, kwamba ukweli uliniokoa. Mimi mwenyewe nilianza kuisimulia hivyo. Nilikuwa natembea kifua mbele, kadiri mshono ulivyoruhusu.

Mpaka siku ya kubadilishwa bandeji.

Alikuwa Sista. Glavu, mkasi, sahani ya chuma. Tulikuwa wawili tu.

"Sista," nikasema, "nisamehe."

"Lala vizuri."

"Nilipaswa kusema palepale."

"Ndiyo."

Nilitegemea aseme yameisha. Hakusema. Akaendelea kulowesha plasta.

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua nilipoingia tu. Kiganja chako kilikuwa cha zambarau."

Nikaukunja mkono. Kiganja! Bingwa alitazama tumbo, hakutazama mkono. Yeye aliuona, na akanyamaza.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwambia niliyoyajua. Sikukuona ukichora, huo ni ukweli." Akainua macho kidogo. "Na pia nilitaka nione. Miezi saba nimekuosha, dada. Nilitaka nione mimi ni nani kwako. Koridoni pale kuna saa ya ukutani."

Nilijua nisiulize. Nikauliza.

"Ilichukua muda gani?"

"Dakika kumi na saba."

Akavuta plasta kwa mara moja. Nikapiga kelele, si kwa ajili ya plasta peke yake.

Leo mshono umepona. Nakaa kwenye cherehani asubuhi mpaka jioni, na harufu pekee iliyopo kibandani ni ya pasi. Namshukuru Mungu kwa hilo, sitanii.

Lakini mkiisambaza hii habari, msiseme mimi ni jasiri niliyesema ukweli. Niliusema, na kweli uliniokoa. Ila niliusema dakika ya kumi na saba, na zile zote za kabla yake nilikuwa mtu aliye tayari kuuza kazi ya mwenzake kwa gauni moja la kushona.

Kosa lako likianza kuandikwa kwa jina la mtu mwingine, fungua mdomo dakika ileile. Usingoje moyo ukuume kwanza. Moyo unachelewa, na yule unayemchelewesha anahesabu.

Gauni nilimshonea. Alilipokea, akashukuru, na limemkaa vizuri mno. Bado ananiita dada. Ila siku hizi akiniuliza jambo, nikimjibu, ananitazama kidogo kwanza ndipo aamini.